Sekunde Kumi na Nne

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua, kituo cha afya, Kibiti, nikisubiri vidonge vya mwezi wa nne wa matibabu, shemeji yangu Omari aliponifuata na kuniuliza kama nitakimbia. Nilipaswa kusema hapana. Nimelirudia jibu hilo kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara linatoka bila shida. Siku ile halikutoka.

Benchi letu lilikuwa nje, chini ya upenu, mbali na la kina mama wenye watoto. Liliwekwa pale ili upepo uchukue vikohozi vyetu, na Kibiti nzima ilijua kwamba anayelikalia ana nini. Wapita njia walivuta kanga puani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mitumba imeanza kujaa minadani, na kulikuwa na ugonjwa mwingine mpya uliokuwa ukikondesha watu. Mtu akikonda na kukohoa, hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Walikwisha kujijibu.

Omari, kaka wa mke wangu, hakuliogopa benchi. Alikaa ubavuni pangu, akanyoosha miguu.

"Karani," alisema. Aliniita hivyo hata baada ya ukarani kwisha. "Tajiri wangu anaandaa mbio za kufunga msimu wa korosho. Nusu marathoni, kilomita ishirini na moja. Wa kwanza baiskeli, wa pili redio, wa tatu doti ya kanga."

"Na wa mwisho?"

"Wa mwisho anapewa benchi hili."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alisubiri nimalize.

"Utakimbia?"

"Omari, niko kwenye dawa."

"Najua uko kwenye dawa. Kila mtu anajua. Jana kijiweni kuna mtu kaniuliza kama ukoo umeshanunua sanda. Nikamwambia, huyo mnayemchimbia atakuja kuwatimulia vumbi. Sasa usinitie aibu, shemeji."

Hapo ndipo nilipojibu, "Andika jina langu."

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyefika mwezi wa tatu au wa nne wa vidonge. Mwezi wa kwanza hauna hatari hiyo, kwa sababu unaogopa kufa na unameza chochote. Hatari ni pale nguo zinapoanza kukukaa tena.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho la chama cha ushirika. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu shuleni nilikuwa mkimbiaji. Sikuwa wa kwenda nje ya nchi, ila wilayani waliniweka katika hesabu. Kwenye michezo ya wafanyakazi, Dar es Salaam, niliwahi kukimbia nusu marathoni kwa saa moja, dakika thelathini na moja na sekunde sita. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Muda ule niliuandika kwa wino kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mizani, na nilikuwa nimejiapiza kwamba siku moja nitashuka chini yake.

Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, ushirika ukakosa korosho za kupima, na ghala likafungwa. Omari alipata kazi kwa tajiri mmoja wa hao wapya. Mimi nilirudi nyumbani. Mwaka uliofuata kikohozi kilianza, na kiangazi chake niliteketea hadi kilo arobaini na saba. Nazijua kwa sababu nilikuwa nimezoea kusoma mizani, na siku ile Sista aliponipandisha niliona mshale unasimama mahali ambapo mimi ningeandika nusu ya gunia.

Sista huyo aliitwa Apaikunda, Mpare wa Same, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miezi miwili ya mwanzo ilibidi nimeze dawa mbele yake kila asubuhi, kisha nifungue mdomo aone.

"Inua ulimi, mzee wa mbio."

"Nimemeza, Sista."

"Sikukuuliza umemeza. Nimesema inua ulimi."

Mkojo wangu ukawa mwekundu kama maji ya rosela. Viungo viliuma. Nililala peke yangu chumba cha mbele, na mke wangu, Mwanaidi, alinitengea kikombe na sahani. Binti yetu wa pekee, Siwatu, alikuwa na miaka mitano. Alikatazwa kunikaribia, kwa hiyo alikaa mlangoni na kunisimulia habari za mtaa mzima.

Huyu mtoto alikulia ghalani kwangu. Alipokuwa anajifunza kutembea nilikuwa nikimpandisha kwenye mizani ya korosho, nikisoma kilo zake kwa sauti kubwa, halafu natangaza kama nilivyotangaza gunia safi: "Daraja la kwanza!" Alipiga makofi kila mara. Na jioni, kabla sijaugua, tulikuwa tukishindana kutoka mlangoni hadi kisimani. Nilijikwaa makusudi karibu na kisima ili ashinde.

Mwezi wa pili ulipoisha, makohozi yalipimwa yakawa safi. Sista alinipa ruhusa ya kulala na familia na kuchukua vidonge vya mwezi mzima nyumbani. "Miezi sita mingine," alisema. "Utapona kabla ya hapo, kwa macho yako. Usiyasikilize macho yako." Nilirudi nyumbani nina kilo hamsini na tano. Siwatu alinikumbatia miguu.

Basi baada ya kumwambia Omari aandike jina langu, nilianza mazoezi alfajiri kwenye barabara ya mchanga. Siku ya kwanza nilitembea zaidi ya nilivyokimbia. Wiki ya pili niliweza kilomita kumi. Lakini nyayo zilikuwa zimekufa ganzi. Dawa ile ilikuwa imenipa ganzi ya vidole iliyopanda hadi visigino, na mkimbiaji asiyesikia ardhi ni kama mpishi asiyesikia chumvi. Nilikuwa nakanyaga nisijue nimekanyaga nini. Na kila nikimeza asubuhi tumbo lilichafuka hadi saa nne.

Asubuhi moja niliviweka vidonge kiganjani, nikavitazama. Nikajiambia, nitaruka leo tu, ili nijaribu mguu. Kesho yake nikaruka tena. Baada ya wiki moja nikaanza kusikia kokoto chini ya soli, na furaha niliyoipata siwezi kuielezea. Nilijiambia dawa imemaliza kazi yake, kilichobaki ni sumu. Nilikuwa mtu mwenye elimu ya sekondari na nilijiambia hivyo.

Sikuvitupa vidonge, maana Mwanaidi angeviona. Niliviweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya mtambaapanya, pembeni kabisa, chini ya makuti. Mwezi wa tano wa dawa nilikwenda kituoni kuchukua vingine kama kawaida. Sista akaniuliza, "Vinakusumbua?" Nikasema, "Hata kidogo." Navyo nikaviweka mkebeni.

Njia ya mbio ilipimwa na Omari mwenyewe. Tajiri hakuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo Omari alifunga kitambaa chekundu kwenye tairi la baiskeli, akahesabu tairi likizunguka. Kila mizunguko mia moja ni mita mia mbili na kumi. Alitia mfukoni korosho mbichi mia moja, na kila mizunguko mia ikitimia alitupa moja. Mfuko ukiisha, ni kilomita ishirini na moja. Alianzia uwanja wa mpira wa Kibiti akaenda upande wa Ruaruke, na pale korosho ya mwisho ilipotoka ndipo pakapigwa kigingi cha kuanzia. Siwatu alimsindikiza hatua chache za mwanzo akipiga kelele za hesabu, "Moja! Mbili! Nne!"

"Umeruka tatu, mpwa wangu," Omari alimwambia. "Kwa hesabu hizo ukarani wa baba yako huupati."

Siku ya mbio tulikuwa watu kama arobaini. Wengine walikimbia pekupeku. Mimi nilikuwa na raba za mitumba, kubwa kidogo, nimetia vitambaa mbele. Nilivaa fulana ya ushirika ambayo hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kuivaa. Kijana mmoja kando ya barabara akapaza sauti, "Jamani, marehemu naye kaja!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeamua kumjibu kwa miguu.

Sitazieleza mbio zote. Nitasema tu kwamba kuanzia katikati nilikimbia kama sikuwahi kuumwa, na kwamba nilipofika nyumba za kwanza za Kibiti niliwapita wawili, na kwamba Siwatu alikuwa juu ya mabega ya Omari akiita, "Baba, kisima! Baba, kisima!" kwa sababu kwake yeye mwisho wa mbio zote ni kisimani. Nilimaliza wa tatu. Omari alikuwa na saa ya kubonyeza, mali ya tajiri; aliibonyeza kule kwenye kigingi, kisha akatutangulia kwa gari. Alinionyesha. Saa moja, dakika thelathini na sekunde hamsini na mbili.

Nilikuwa nimeshuka chini ya muda wangu wa ujana kwa sekunde kumi na nne. Nilikaa chini mchangani nikalia. Mwanaidi alidhani nimeumia. Nikampa ile doti ya kanga, akajifunga moja palepale, juu ya nguo zake, akapiga kigelegele. Naiweka hapa furaha hiyo kwa sababu ilikuwa ya kweli, na kwa sababu ndiyo iliyoniharibu. Tangu siku ile nilikuwa na ushahidi. Mtu aliyekimbia vile anaumwa nini?

Januari tulihamia shambani. Wasiotoka Rufiji nawaeleza kwa kifupi. Mpunga wetu tunaulima bondeni na deltani, na mpunga ukianza kushika punje huwezi kuuacha peke yake, maana ndege na nguruwe watauvuna kabla yako. Kwa hiyo familia inahamia huko kwa miezi, inakaa kwenye dungu, kibanda kidogo kilichoinuliwa kwa nguzo, maji yapite chini. Unapanda kwa ngazi ya magogo. La kwetu lilikuwa deltani, ukielekea Kiongoroni, safari ya mtumbwi kutwa nzima. Ndani palitosha watu watatu wakilala bila kujigeuza. Mbu wa huko wanamjua kila mtu kwa jina, kwa hiyo tulilala ndani ya chandarua kimoja cha marekani, kitambaa kizito kisichopitisha hewa, na kando tuliwasha moto wa kumbi za nazi utoe moshi.

Kikohozi kilirudi kabla mpunga haujatoka magotini.

"Hicho kikohozi," Mwanaidi alisema.

"Moshi."

"Moshi mbona haunikohozi mimi?"

"Wewe umezaliwa jikoni."

Hakucheka. Baada ya wiki kadhaa akasema, "Moshi haukondeshi mtu, baba Siwatu. Twende Kibiti." Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwa nao zamani. Nilimuuliza kama anataka ndege wale jasho lake. Nilimuuliza kama amesahau nilivyokimbia. Alikuwa anaamini nilimaliza dawa, kwa sababu nilimwambia nimemaliza. Hakurudi kunitengea kikombe. Siwatu alilala katikati yetu, kichwa kwapani kwangu, kwa miezi yote ya masika.

Siku moja mtoto aliteleza kwenye ngazi, akaanguka kutoka gogo la pili matopeni. Aliinuka akicheka, uso mzima tope. Hatukufikiri tena juu yake mpaka wakati wa kuvuna, alipoanza kulalamika mgongo. Aliacha kupanda ngazi, akataka kubebwa. Na akawa na mtindo mpya: kitu kikianguka hakuinama kukiokota. Alichuchumaa, mgongo umenyooka wima, akakipapasa kwa mkono. Tulimcheka. Mama yake alimwita bibi harusi. Alifurahia jina hilo, akawa anafanya zaidi.

Tulisema ni ile ngazi. Tulimkanda kwa mafuta ya nazi. Tuliporudi Kibiti, mzee mmoja fundi wa mifupa akamnyoosha. Yule mtoto alipiga yowe ambalo masikio yangu, hata baada ya kuharibika, bado yanalisikia. Mwezi uliofuata kifundo kilitokea katikati ya uti wa mgongo, kidogo, kama korosho chini ya ngozi. Ndipo tukavuka mto kwa kivuko kwenda hospitali ya Utete.

Tulisubiri tangu asubuhi. Chumba cha kungojea kilijaa watu, na mwanamke mmoja tusiyemjua, akiona Siwatu hawezi kukaa, alisimama akampa benchi lake lote alale, mwenyewe akakaa sakafuni mpaka adhuhuri. Sikumuuliza jina. Mimi nilikuwa nabana kikohozi. Nilikuwa natoka nje kila baada ya muda, nazunguka nyuma ya jengo, nakohoa hapo hadi machozi, najifuta, narudi.

Tabibu aliyetupokea hakutujua. Alimgusa mtoto mgongo taratibu, akauliza ameanguka lini. Mwanaidi akamweleza habari ya ngazi. Kisha akaniangalia mimi, kalamu mkononi.

"Nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu? Au aliyewahi kutibiwa kifua kikuu?"

Mwanaidi aligeuka kunitazama. Alifungua mdomo. Nikawahi.

"Hapana," nilisema.

Sijui nilifikiri nini. Mtu hupenda kusema alichanganyikiwa. Mimi sikuchanganyikiwa. Nililiona lile benchi la chini ya upenu, nikamwona yule kijana wa barabarani, nikauona mkebe juu ya mtambaapanya. Niliona vyote kwa sekunde moja, na niliamua. Tabibu akaandika. Alimtibu kama mtoto aliyeanguka, akatupa dawa za maumivu, akasema alale chali, tumrudishe akizidi.

Njiani, kwenye kivuko, Mwanaidi aliniambia kwa sauti ya chini, "Kwa nini umesema hapana? Si ulitibiwa, ukapona? Kuna aibu gani kwa aliyepona?" Nilitazama maji.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Siwatu aliamka akamwambia mama yake, "Miguu yangu imelala, iamshe." Mwanaidi akaikanda, akaisugua, akaiweka kwenye maji ya moto. Miguu haikuamka. Akatwaa ile kanga ya mbio, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kwenda kituo cha afya bila kuniuliza. Nilimfuata nyuma. Mimi niliyekimbia kilomita ishirini na moja nilishindwa kumfikia mwanamke aliyebeba mtoto, kwa sababu pumzi zilikwisha kila hatua kumi.

Nilipofika, nilikohoa mlangoni. Sista Apaikunda alikuwa ameinama juu ya Siwatu, mgongo kwangu. Hakugeuka.

"Mzee wa mbio," alisema. "Hicho kikohozi nakijua."

Akampapasa mtoto uti wa mgongo kwa kidole kimoja. Akauliza, "Utete mliulizwa kama nyumbani kuna anayekohoa?"

"Tuliulizwa," Mwanaidi alisema.

"Mkajibu nini?"

Mke wangu akasema, "Baba Siwatu ndiye aliyejibu."

Sista alilifungua kabati, akatoa kadi yangu. Aliiweka mezani mbele yetu. Baada ya mwezi wa tano palikuwa peupe. Aliniuliza vya mwezi wa nne na wa tano nilivimeza. Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza, mbele ya mke wangu, na nikamwambia na sababu: nyayo zilikuwa na ganzi, na nilitaka kukimbia.

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni lake jeupe.

"Ungeniambia," alisema. "Kuna kidonge kidogo cha ganzi hiyo. Kiko humu kabatini. Ungeniambia tu."

Mwanaidi alikwenda nyumbani mchana ule kuchukua nguo za safari. Aliporudi alikuwa na mkebe. Aliuweka miguuni pangu, akafunua kifuniko, akaketi upande wa pili wa chumba. Baadaye alisema neno moja tu, na hakulirudia maishani mwake: "Nilikuuliza, ukaniambia nimezaliwa jikoni."

Walimpeleka Siwatu hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Walimfunga plasta kuanzia kifuani hadi kiunoni, akakaa humo tangu mwisho wa kiangazi mpaka vuli ilipokatika. Mimi sikuruhusiwa kukaa naye. Nilibaki Kibiti, nikaanza dawa upya, na safari hii pamoja na sindano kila siku kwa miezi miwili. Nilikuwa nainua ulimi kabla Sista hajaniambia. Makalio yalivimba hadi nikashindwa kukaa kwenye lile benchi. Mwezi wa pili wa sindano masikio yalianza kulia kama nyenje, na hayajanyamaza hadi leo. Sista angenibadilishia dawa mapema kama angejua. Sikumwambia mapema. Nilidhani nastahili. Hilo nalo lilikuwa kosa, na ninyi msilifanye. Ugonjwa haupokei malipo.

Makohozi yalipokuwa safi nikaenda Dar es Salaam. Walikuwa wamemtoa plasta, wakampima uzito kwenye mizani ya kitandani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilisimama mlangoni, nikisoma mshale kwa mazoea ya kazi. Kilo kumi na tatu. Akanigeukia.

"Daraja la ngapi, baba?"

Muuguzi hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilijibu, "La kwanza, mama. La kwanza." Mikono yake haikuweza kupiga makofi vizuri, lakini alijaribu.

Rehema zilikuwepo, sitazikana. Mwenye mtumbwi mmoja alituletea mpunga wetu wote kutoka shambani bila nauli, kwa sababu hatukurudi kuumalizia. Tulipokutana nyumbani, mimi na Siwatu tulimeza vidonge pamoja kila asubuhi, yeye akifanya mashindano. Alikuwa akimeza, anainua ulimi, anapaza sauti, "Nimekushinda!" Safari hii sikuwa na haja ya kujikwaa makusudi. Alinishinda kweli. Tulimaliza sote wawili, hadi kidonge cha mwisho.

Mwanaidi hakuniacha. Aliishi nami hadi alipofariki kwa presha, miaka saba iliyopita, akanipikia na kuniuguza. Lakini tangu mkebe ule hakuniuliza tena jambo lolote ambalo jibu lake lilitegemea neno langu. Aliuliza watu wengine.

Sista Apaikunda, kabla ya kuhamishwa kurudi kwao, aliniambia huenda mtoto aliupata ugonjwa hata kabla ya mbio, katika miezi ile ya kwanza niliyokohoa bila kujua. Alitaka kunipunguzia. Nilimshukuru. Lakini sote wawili tulijua kwamba kule Utete, miguu ilikuwa bado mizima, na swali liliulizwa.

Na Omari. Miaka michache iliyopita tulikuwa tumekaa matangani, wazee wawili, tukakumbushana mbio. Akasogeza mdomo kwenye sikio langu lililo zima kidogo.

"Karani, kuna kitu sijakwambia. Ile suruali niliyopimia njia, mfuko ulikuwa umetoboka. Niligundua baada ya wiki. Sijui zilidondoka korosho ngapi."

Mimi ni mtu wa mizani. Korosho moja ni mita mia mbili na kumi, na mita mia mbili na kumi ni karibu dakika nzima. Ikidondoka moja tu, njia ilikuwa fupi, na zile sekunde hazipo. Nilicheka, naye akacheka, mpaka waliokaa karibu wakatukumbusha tuko msibani.

Siwatu sasa ni mtu mzima. Anashona nguo barazani kwetu, kwa cherehani ya mkono, maana ya miguu haimfai, na ana wateja hadi wa Utete. Nilipomwambia nataka kuandika haya, aliendelea kuzungusha mpini.

"Andika," alisema. "Lakini usiniweke kama maiti. Waambie nadai watu pesa za gauni."

"Na niandike kosa lilikuwa la nani?"

Alisimamisha cherehani. "Unalijua, baba. Wewe andika."

Naandika. Siku ile kwenye benchi ningesema hapana, ningemaliza vidonge vyangu ifikapo masika, na kule Utete nisingekuwa na la kuficha. Nilipata sekunde kumi na nne ambazo sina hakika kama nilizipata. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Hajatembea tena.